Bingwa wa Barafu Maskati

Baba alisoma Urusi miaka ya sitini, alipopelekwa kutoka Unguja pamoja na vijana wengine wa rika lake. Alirudi na shahada ya uhandisi, koti zito ambalo hakulivaa tena maishani, na mapenzi ya mchezo ambao kwetu hapakuwa na mtu aliyeujua. Nilipokuwa mdogo, tumeshahamia Maskati, alikuwa akitusimulia habari za wasichana wa kule wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakiruka na kuzunguka hewani kama pia.

"Mtu anasahau kama ana uzito," alikuwa akisema.

Mama akimjibu kutoka jikoni, "Na wewe ulisahau kama una masomo."

Maskati ya miaka ya tisini ilikuwa na uwanja mdogo wa barafu, ambako watu walikwenda siku za mapumziko kujipoza na kuangushana. Baba alinipeleka nilipokuwa darasa la tatu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena, na yeye amesimama nje ya ukuta mfupi anacheka kama mtoto. Mwalimu wa pale alikuwa mama wa Kirusi aliyekuja na kundi la maonyesho, kundi likaondoka, yeye akabaki. Baba alimwamkia kwa lugha yake. Yule mama alishika mdomo. Mtu wa kanzu na kofia, Kirusi kinamtoka namna ile! Walizungumza mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Tangu siku hiyo sikuulizwa tena kama nataka.

Uwanja ulikuwa wazi kwetu asubuhi tu, kabla ya wateja. Kwa hivyo tulikuwa tukisali alfajiri nyumbani Al Khoudh, kisha Baba anawasha gari, na mimi nalala kiti cha nyuma mpaka tufike. Nikitoka uwanjani natetemeka, yeye huzima kiyoyozi, na mwezi wa Mei tulirudi hivyo hivyo, mimi nimejifunika shali, yeye kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Kisha skuli. Nilizoea kusinzia huku macho yapo wazi.

Mama ndiye aliyenishonea nguo za mashindano, mikono mirefu, shingo imefungwa, na suruali ya kubana chini ya sketi. Bibi yangu, mama yake Mama, alizitazama akasema, "Haya, alhamdulillah, angalau kitambaa kipo."

Nikawa bingwa. Nilishinda kwetu, nikashinda nchi za jirani, picha yangu ikatoka gazetini. Lakini wote tuliocheza mchezo huo Oman tungeliweza kuenea ndani ya gari la Baba. Hilo nilikuwa nikilijua, ila harusini mashangazi wakinivuta mkono, "Njoo wakuone, bingwa wetu!" basi nacheka na kukubali.

Mara moja tulikwenda Ulaya. Katika chumba cha kubadilishia nguo msichana mmoja aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akauliza kwa Kiingereza, bila ubaya wowote, "Na barafu mnaitoa wapi?" Wenzake walikuwa wakiruka miruko ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Niliteleza vizuri kadiri ya uwezo wangu, sikuanguka, na nikawa karibu wa mwisho. Mwalimu alimwambia Baba maneno, Baba akanifasiria: "Anasema umeanza umechelewa, na uwanja wetu ni mdogo. Anasema kosa si lako."

Kwenye ndege Baba aligeukia dirisha, akafumba macho mpaka tukatua. Mimi nilidhani tumemaliza. Tulipofika nyumbani, asubuhi ya kwanza, nikasikia gari linawashwa, nikanyanyuka.

Tukaendelea miaka mingine. Kifundo cha mguu wa kulia kilianza kuvimba, nikawa nakifunga kitambaa. Nikaingia chuo kikuu, na huko nikalala mihadhara mizima. Wasichana wadogo wakaja uwanjani, wepesi kuliko mimi, na mwalimu akawa anawatazama kwa jicho ambalo zamani alinitazamia mimi.

Mashindano yangu ya mwisho yalikuwa nchi ya jirani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Msichana aliyestahiki kushinda alianguka kwenye mruko wake mkubwa. Mimi niliruka miruko midogo, safi, nikashinda. Nilisimama na medali shingoni, watu wanapiga makofi, na kitu pekee nilichokitaka duniani ni kukaa kitako.

Tulirudi kwa gari. Tulipovuka mpaka nikamwambia, "Baba, nimechoka."

"Lala, ntakuamsha tukifika."

"Si hivyo. Nimechoka na barafu."

Aliendesha mpaka kituo cha petroli, akasimama, akatununulia chai ya maziwa. Tukanywa ndani ya gari. Kisha akasema, "Na mimi nimechoka, mwanangu. Zamani. Alfajiri siku hizi sioni vizuri njia, taa za watu zinanichoma macho."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Kila siku nakukuta umeshanyanyuka. Nikasema, mtoto anapenda, sitomkatiza."

"Mimi nikinyanyuka kwa sababu nasikia umewasha gari."

Akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka kweli, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Toka ile safari ya Ulaya?" akauliza.

"Toka Ulaya."

"Khalas," akasema. "Basi khalas, mama."

Mwalimu hakulipokea vizuri. Baba alipomwambia kwa Kirusi, yeye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akaenda kuwafundisha wadogo wala hakuniaga. Iliniuma, lakini hata kulia sikuwa na nguvu. Baada ya miezi alikuja nyumbani siku ya Idi, kabeba keki, akala biriani ya Mama akaongeza, akanishika uso kwa mikono miwili. Hakulitaja lile jambo, na mimi sikulitaja. Halafu akarudi kwao Urusi.

Siku hizi nafundisha hisabati na nakaa Mabela, jirani na kwa Mama. Nikisimama sana darasani kifundo kinavimba. Medali alizitundika Mama sebuleni kwake, na wageni wakiuliza ni za nini, namwachia yeye awaeleze. Anaeleza vizuri kuliko mimi, na mimi huwa nimeshakaa kwenye kochi, miguu nimeiweka juu ya mto.