Mafuta ya Papa Kwenye Ungo wa Televisheni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki nami nikaacha shule darasa la pili. Nikaishi kwa kupaka mashua za watu mafuta ya papa hapa Kilwa Kisiwani. Yananuka, lakini chumvi haili mbao. Hiyo ndiyo elimu yangu, na siionei haya.

Mwaka huu nimenunua ungo wa televisheni. Kwa kuogopa kutu nikaupaka mafuta hayo wote, hadi kile kichwa kidogo cha mbele kinachonasa mawimbi. Baada ya wiki picha ikaanza kukatikakatika. Macho yangu yakaenda kwenye mnazi wa jirani yangu mjane, Bi Somoe.

"Mnazi wako unaziba ungo wangu," nikamwambia.

"Mzee Bakari, huu kaupanda marehemu. Ungo wako umekuja juzi."

"Ukate, tutazame taarifa ya habari wote."

Kila nikitoka baharini humpa kitoweo, na nilijua hawezi kunikatalia. Mnazi ukakatwa. Picha haikurudi.

Nikamwita fundi kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo. Akapanda ngazi, akafungua kile kichwa, akanusa.

"Mzee, nani kapaka mafuta huku? Yameingia mpaka ndani! Hata ukikata minazi yote ya kisiwa, picha haiji."

Bi Somoe alikuwa chini, anakusanya makuti ya mnazi wake.

"Kumbe," akasema. Hilo tu.

Leo nina nyumba ya bati, mashua mbili, televisheni, kichwa kipya cha ungo, na dirisha linalotazama kisiki cha mwenzangu.