Wimbo wa Gambuti

Mimi husuka upande wa kushoto, mwenzangu upande wa kulia, na kundi letu lilizaliwa hapo katikati, juu ya kichwa cha mteja. Saluni yetu iko Ruiru, orofa ya kwanza, juu ya duka la chakula cha kuku. Rasta ndogondogo zikisukwa na mtu mmoja huchukua karibu saa sita. Tukiwa wawili ni saa tatu, labda tatu na nusu kama mteja ni mtu wa kupokea simu. Sasa, watu wawili wakisimama hivyo siku nzima, viwiko vikigongana, ama watagombana ama wataimba. Sisi tulifanya yote mawili.

Mwenzangu hutoka Thika kila asubuhi. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Kakamega kufanya kazi kwenye mashamba ya mananasi, naye akakulia huko, akiimba kwaya kanisani kabla hajajua kusoma. Ana sauti ya kumfanya mtu asimame mlangoni na ndoo mkononi akisahau alikokuwa akienda. Yangu ni ya kumfuata kwa chini, haina makosa na haina sifa. Lakini maneno ya nyimbo zote ni yangu. Hilo nilihakikisha kila mtu analijua, hata wale ambao hawakuuliza.

Tulipoamua kutoa albamu, tulirekodi Thika, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya zamani. Tulikwenda Jumatatu tu, kwa sababu Jumatatu hakuna mtu anayetaka kusukwa, na kila fundi wa pale nje alipojaribu injini, produsa alituinulia mkono tunyamaze. Kuna Jumatatu tuliyorudi na mstari mmoja. Lakini tulipata nyimbo tisa, na tukakodi ukumbi wa kuizindulia albamu Ruiru, Jumamosi mchana.

Wazo la kuwajaribia wateja nyimbo lilikuwa la mwenzangu. Mtu aliye nusu kusukwa hawezi kutoroka. Tuliziweka nyimbo zetu kwenye spika katikati ya nyimbo za watu, hatukusema ni zetu, tukaendelea kusuka huku tukichunga. Dalili tulizijua upesi. Mteja akitoa simu, wimbo ni mgonjwa. Akisema, "Si muweke gospel," huo tuuzike. Lakini akiacha kusimulia habari za shemeji yake katikati ya sentensi ili asikilize, basi tumepata. Mama mmoja alisikiliza wimbo mzima, halafu akauliza, "Huyu anaimba huku chini ana homa?" Huyo nilimvuta nywele kidogo.

Wimbo wa gambuti uliwanyamazisha wote waliousikia. Walikuwa watatu. Wa tatu, mwalimu wa nasari mwenye sauti ya uwanjani, aliuomba tena mara mbili, na alipofika chini kwenye ngazi alikuwa bado anauimba. Tukampelekea mtangazaji wa redio moja ndogo ya Thika. Akasema albamu yetu ataitangaza kwa wimbo huo huo, Jumamosi moja kabla ya uzinduzi, na tutakwenda studioni tuhojiwe. Nilitembea wiki nzima nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Sasa niseme wimbo wenyewe ulitoka wapi.

Tulikuwa na mteja anayeishi Kalimoni, mwanamke aliyetuzidi miaka kama kumi na mitano, tukimwita anti. Siku moja akiwa kwenye kiti alituambia, huku akicheka, kwamba mume wake alikwenda zake miaka miwili iliyopita na hakuna jirani anayejua. Alimwachia kuku na gambuti, buti zake ndefu za mpira. Zile gambuti ameziweka nje mlangoni. Kila Jumatano jioni anaziosha, halafu anakoroga udongo na maji kwenye karai, anazipaka tope bichi na kuzirudisha mahali pake. Majirani wanaamini mume ni wa shifti ya usiku kiwandani, mchana amelala.

"Mwizi akiona gambuti kubwa hivyo na matope ya leo, anapita," alisema. "Hata mtu wa maziwa huwa ananong'oneza, asimwamshe."

Tulicheka mpaka mwenzangu akaangusha kitana. Jioni hiyo nilifika kwangu Mwihoko, nikakaa kitandani na daftari, wimbo ukatoka wote kwa mpigo mmoja. Haijawahi kunitokea tena. Nilipomwimbia mwenzangu, aliuliza swali moja tu: "Utamwambia?" Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Haya ninayaandika kwa ruhusa ya anti; amehama, anafuga mbwa wawili wakali, na safari hii nilimuuliza kwanza.

Anti alikuja siku ya Alhamisi, siku tisa kabla ya redio, akijiandaa kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa dada yake. Nyuma ya kichwa tulikuwa tumemaliza, tumefika juu ya masikio, na nywele za mbele zilikuwa zimesimama wima. Spika ilikuwa inacheza albamu yetu kwa mfululizo, na wimbo wa nne, ule wa gambuti, ukaanza. Simu iliyokuwa ikiucheza ilikuwa dirishani, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Mwenzangu alinitazama juu ya kichwa cha anti, akainua nyusi kuelekea dirishani. Nitasema ukweli wote: sikwenda kuuzima kwa sababu nilitaka kuona kama naye atanyamaza.

Alinyamaza. Alinyamaza mpaka mwisho.

"Ni Jumatano," akasema. "Wameimba Jumamosi. Huwa ni Jumatano."

Nilikuwa nimeweka Jumamosi kwa sababu iliingia vizuri kwenye mdundo.

"Hawa wanaimba ni akina nani?"

"Ni sisi, anti," mwenzangu akajibu.

Akapeleka mkono kichwani, akapapasa pale nyuma palipokwisha, akapapasa mbele. Alikuwa anapima kama anaweza kutoka vile alivyokuwa. Hakuweza; angefika stendi watoto wakimfuata.

"Malizeni," akasema.

Tulimaliza, na ilituchukua saa moja na nusu. Wakati mwenzangu akichovya ncha za rasta kwenye maji moto zisifumuke, anti aliuliza, "Hii itachezwa wapi?"

"Kwa redio, anti. Sio Jumamosi hii, ile nyingine."

"Kalimoni inashika?"

"Inashika."

Nikaona nijitetee. Nikamwambia tutabadilisha, hakuna mtu atajua, tutatoa gambuti tuweke kofia, au koti, kitu chochote.

"Hata ukiweka kofia, mimi nitajua mahali umetoa," akasema. "Mimi nilikuja tu kusukwa."

Halafu akajifunga kitambaa chake, akaweka mkoba begani. "Fanyeni vile mnaona," akasema, akashuka ngazi. Laiti angetutukana.

Mlango haujafungika vizuri, mwenzangu akasema tuutoe. Nikawaka. Nilimwambia huo ndio wimbo uliobeba wengine, redio imeutaka huo na si mwingine, na zaidi ya hayo ni wimbo wangu, maneno ni yangu.

"Maneno gani ni yako?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Jumamosi?"

Kisha akaniambia nikitaka kuuweka niuweke, ila yeye hatauimba tena popote, na sauti yake iliyo ndani ataomba ifutwe. Alijua vizuri kwamba ukiondoa sauti yake inabaki mimi na homa yangu. Siku mbili tulisuka bila kuimba. Mteja mmoja akatuuliza nani amekufa.

Hasira zangu huwaka haraka na kuzima haraka, lakini hiyo haikuzima, niliipika polepole. Jumapili nilikuwa najitayarisha kwenda kanisani. Nikafunga dirisha, nikachukua ufunguo, nikawasha redio kwa sauti ya wastani, nikatoka na kufunga mlango. Ndivyo ninavyofanya kila siku. Naacha redio inaongea ndani ili wapangaji wenzangu wa ploti wadhani kuna mtu, kwa sababu naishi peke yangu na mlango wangu una kufuli moja. Nimefanya hivyo miaka minne na sijamwambia mtu yeyote. Nilisimama pale kwenye korido na ufunguo mkononi, nikamsikia mtangazaji anaongea na nyumba tupu, na aibu ikanishika, aibu ya kweli, ya kutaka kukaa chini. Nikajiuliza ningefanya nini nikisikia hiyo redio yangu ndani ya wimbo, imeimbwa vizuri, na jirani zangu wanautingishia kichwa.

Sikufika kanisani. Nilimpigia mwenzangu nikamwambia tuutoe. Akasema, "Haya," akaniambia pia kwamba nilikuwa nimemkasirisha sana, na nikubali, nikakubali.

Produsa alisikitika. Mtangazaji alituambia wazi kwamba tumeharibu kazi yetu wenyewe. Jumamosi hiyo alicheza wimbo mwingine, akaongea juu yake mpaka karibu wote ukaisha, na mahojiano yakahamishwa hadi siku ambayo mpaka leo haijafika. Mabango yalikuwa yameshachapishwa, yameandikwa NYIMBO 9 kwa maandishi makubwa. Tuliketi sakafuni saluni na kalamu nene nyeusi tukiigeuza 9 kuwa 8, bango moja moja, na mwenzangu akatoa kicheko kwa sababu nane zangu zilikuwa zinafanana na mtu wa theluji aliyepigwa.

Nilimpigia anti. "Tumeutoa," nikasema.

"Sawa. Na hiyo sherehe yenu ni lini?"

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Wale wateja watatu walikuwa wameshausikia wimbo. Wawili tuliwapata, tukawaomba wasiutaje, wakaahidi. Mwalimu wa nasari shule zilikuwa zimefungwa, amekwenda kwao, simu haipatikani. Tukajipa moyo kwamba hatarudi kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ukumbi ulijaa, nusu marafiki wa kwaya ya mwenzangu kutoka Thika, nusu vichwa tulivyosuka wenyewe. Kutoka jukwaani niliiona kazi yangu ya miezi miwili imekaa kwenye viti vya plastiki, na nilijua kila mstari uliopinda. Anti alikuwa safu ya tatu, amevaa vizuri, mkoba magotini. Mwalimu wa nasari alikuwa karibu na mlango.

Mwenzangu aliimba siku hiyo kama mtu aliyelala wiki nzima akingojea. Kuna wazee wa kanisa lao waliosimama wakacheza, na mimi nikaimba kwa chini bila homa, naweza kuapa. Tukafika wimbo wa nane. Makofi, vigelegele, tukainama. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

"Haiya! Na ule wa gambuti?"

Ile sauti haihitaji maiki. Watu wakageuka.

"Ule wa yule mama na gambuti!" mwalimu akasema, ameshasimama. "Mlikuwa mnacheza pale saluni. Hiyo ndio ngoma! Mnatuficha nini?"

Mwenzangu alinitazama, akanipa maiki. Mimi ndiye mwenye maneno. Katika nyimbo zote nilizowahi kuandika, huo ndio ulikuwa mzuri, na ninajua hivyo hata sasa. Watu mia moja walikuwa wananitazama wakingoja nikubali.

"Ule sio wetu, mwalimu," nikasema. "Ule una mwenyewe."

"Ndio maana!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. "Nilikuwa nashangaa. Nyinyi mnajaribu, aki mnajaribu, lakini ule uliandikwa na mtu ameona mambo."

Ukumbi mzima ukacheka. Masikio yalinichoma mpaka shingoni.

"Ameyaona, mwalimu," nikasema. "Kweli ameyaona."

"Basi huyo apigiwe makofi, popote alipo!"

Wakapiga. Walipiga kwa nguvu kuliko walivyotupigia sisi. Katika safu ya tatu anti alipiga nao, akitazama mbele kama watu wengine wote, na alikuwa wa mwisho kuacha. Nami niliweka maiki kwapani nikapiga.