Mtetee, Baba Watoto

Fundi cherehani wa jirani hutazama tamthilia akiwa ameipa televisheni mgongo. Huiona kwenye kioo cha wateja, na humo humo humwona mumewe, aliyekaa kwenye kochi nyuma yake tangu alipopooza. Hata akiwa na pini midomoni, hachelewi kutoa hukumu. "Mjane gani huyu? Siku ya tatu ya msiba, gauni halina hata kunjo! Na daktari wao shati la kuazima, mabega yanamning'inia." Kisha mguu wake huacha kukanyaga cherehani kwa kitambo. Zamani hapo ndipo mumewe alipokuwa akijibu, wakabishana mpaka wateja tukasahau tulichofuata. Siku hizi mguu husubiri, halafu huendelea.

Juzi mchana nilifuata suruali yangu, nikakuta vichekesho. Mchekeshaji mmoja akaingia akiburuta mguu, mdomo ameupinda, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Cherehani ikanyamaza. Kwenye kioo kulikuwa na wanaume wawili wenye midomo iliyopinda, mmoja akishangiliwa. "Hajui kazi huyu," akasema fundi, akitoa pini mdomoni moja moja. "Hata mate hayamtoki." Akainuka na kipande kilichobaki cha kitambaa changu, akampangusa mumewe kidevu. Hakurudi kwenye cherehani. Aliinama mbele yake. "Haya, mtetee. Si ulikuwa unawatetea wote? Nibishie basi, baba watoto. Neno moja tu." Nyuma ya mgongo wake, watu wa ukumbini waliendelea kucheka.