Nukta Yangu na Nukta ya Dada

Msimu wa karafuu uliopita nilianza kwenda uani kwa dada yangu, hapa hapa Chokocho, kumsaidia kuchambua. Hakuniita wala hakunifukuza. Nilikaa pembeni ya mkeka, nikavuta fungu langu na kuanza kutenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vinavyozishika. Kwa miaka mingi tulikuwa watu wa salamu tu, maana salamu ya Mungu haikatwi. Nilitaka kuwa kaka yake tena, na sikujua nianzie wapi.

Alasiri moja mjukuu wake, msichana anayesoma chuo Unguja, alikuja na simu yake. Alisema kuna maswali mtandaoni yanayopima siasa za mtu. Unasomewa sentensi, unasema unakubali au hukubali, na mwisho nukta yako inawekwa kwenye mchoro, kushoto au kulia, juu au chini. Mwenyewe alikwisha kujipima mara mbili akapata majibu mawili, na bado aliyaamini.

Alitusomea huku sisi tukiendelea kuchambua. Lilianza la bunduki, kama raia aruhusiwe kumiliki. Dada akauliza ya nini, ya kufukuzia kunguru? La serikali kutoingilia biashara alisema litategemea bei ya karafuu mwaka huo. Mjukuu akamwambia jibu hilo halimo.

"Basi aliyetunga hajapata kuuza karafuu," alisema dada.

Mimi nilijibu polepole. Nilitaka nionekane mtu wa busara mbele yake. Likaja swali kama watu wa vyama tofauti wanaweza kuishi pamoja bila ya kudhuriana, nikasema nakubali kabisa. Dada alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye karafuu zake.

Tulipomaliza, nukta zetu zilikaribiana mno, hata kidole kimoja kingezifunika zote mbili. Mjukuu alicheka, akasema kumbe babu na bibi ni chama kimoja, sasa miaka yote hii walikuwa wakigombania nini?

Hakuwa amezaliwa wakati ule. Vyama vingi vilipoanza, mimi nilikuwa upande mmoja, mume wa dada upande wa pili, na kijiji kikasusiana. Sisi hatukununua dukani kwao, wao hawakunywa kahawa barazani kwetu. Kumjua mtu na siasa zake hakukuhitaji maswali. Ilitosha kuona amenunua wapi mkate. Shemeji alipofariki nilikuwa katibu wa tawi letu, nikawaambia vijana wasiende kuchimba kaburi. Hawakwenda. Ikabidi waje jamaa zake kutoka Kojani, kwa boti kisha kwa gari, na maiti ikabaki ndani mpaka jua likakaribia kuchwa. Nyumba yangu inatazamana na yao. Nilifunga dirisha. Hakuna aliyenilazimisha.

"Iulize simu yako," dada alimwambia mjukuu wake, bila ya kupandisha sauti. "Siku ya maziko ya babu yako, huyu alikuwa wapi?"

Msichana alinitazama, akaacha kucheka. Nilimwomba arudi kwenye lile swali la kuishi pamoja. Akasema hairudi nyuma, labda tuanze upya. Tukaanza upya. Yale mengine nilijibu kama mwanzo, na lilipofika hilo nikamwambia aandike sikubali.

"Nilipata nafasi ya kuishi nao, sikuishi nao," nilisema. "Mie ndiye niliyewakataza vijana. Nilikuwa ndani, nimefunga dirisha."

Nilisema nikimtazama mjukuu, kwani dada sikuweza kumtazama.

Nukta yangu ilisogea kidogo sana. Mtu asiyeijua angesema haikusogea. Kwenye simu jambo lile lilikuwa swali moja kati ya mengi, lina uzito sawa na bunduki. Nilikuwa na aibu, na nikaona aibu zaidi kwa sababu nukta ilisogea kidogo tu.

Dada alikusanya makonyo yake kwenye ungo.

"Kaburi lina majani, kaka," alisema. "Mie mgongo hauniruhusu kuinama. Ijumaa njoo na panga lako."

Nilikwenda baada ya sala. Ilibidi yeye atangulie kati ya mikarafuu, maana mimi sikujua kaburi liko wapi.