Nimemfundisha Mshindani Wetu Programu ya Duka, Sasa Natakiwa Kuomba Radhi

Admin, nifichie jina, ila maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Magomeni. Familia ya mume wangu ina duka la mapazia Kariakoo. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alilifungua enzi zile mizigo ya nje iliporuhusiwa kuingia. Tangu afariki, mama mkwe ndiye mwenye kauli. Mwendeshaji ni mimi.

Nilipoingia pale mambo yalikuwa vurugu tupu. Mteja anaulizia kitambaa tunamwambia kimeisha, kumbe kipo stoo. Nikapakua mtandaoni programu ya bure ya hesabu na biashara: mauzo, manunuzi, stoo, mishahara, vyote mle mle. Si ya wizi. Watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza wakaiacha wazi, yeyote aitumie, airekebishe, ampe na mwenzake. Nilihangaika nayo mpaka ikakubali. Hata maneno yake ya Kiingereza niliyageuza kuwa Kiswahili cha dukani, nikawatumia wenyewe, wakayapokea. Leo mtu akiipakua anakuta "mzigo ulioingia", na maneno hayo ni yangu. Mume wangu alikuwa akinisifia kwa wageni.

Jirani yetu hapo dukani ni mzee wa Kihindi, naye anauza mapazia. Mwaka huu alipooza, hata kuongea hawezi, na duka lote lilikuwa kichwani mwake. Binti yake, dada Jyoti, akaacha kazi yake akaja kusimama pale bila kujua mzigo upi ni wa nani. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya robota la vitambaa, analia. Nikamwambia, "Lete laptop yako." Jumapili kadhaa nikawa naenda kwao Upanga, nikamwekea ile programu na kumfundisha mpaka akaiweza.

Basi akaja dukani kwetu na boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akasema, "Mama, mkweo ameliokoa duka la baba."

Mama mkwe akaitikia marahaba, akapokea ladu, akasubiri mgeni aondoke. "Kwa hiyo umewapa washindani duka letu."

"Mama, sijawapa hata bei moja ya kwetu. Nimewapa kitu ambacho na mimi nilipewa bure."

Mume wangu, naye alikuwapo, akadakia, "Nenda kaitoe. Mwambie imeharibika."

"Siendi."

"Basi kesho usije dukani."

Tangu siku hiyo niko nyumbani. Shemeji yangu ndiye anakalia kiti changu. Lakini sijakaa bure. Mama mmoja muuza vyombo alisikia habari zangu, akaja na kompyuta yake, namfundishia sebuleni, mume wangu anapita anatuona. Na Jyoti ameniambia, "Njoo dada, duka la baba tuliendeshe wote."

Sasa Jumapili kuna kikao cha familia. Natakiwa niombe radhi mbele ya wote na niahidi kutomfundisha mtu tena, la sivyo nisikanyage tena dukani. Jana mume wangu aliniambia, "Najua hukukosea. Omba tu, yaishe." Hapo ndipo nilipoumia hasa. Angeamini nimekosea ningemwelewa.

Mume wangu nampenda, na ujana wangu wote umeishia kwenye lile duka. Lakini radhi siombi, hilo msijisumbue kunishauri. Nauliza hivi: niende kikaoni nikawaambie hivyo usoni, mbele ya mama mkwe ninayemheshimu? Au nisitokee kabisa, na Jumatatu asubuhi mume wangu anione nafungua duka la jirani?

Nishaurini, nifanye lipi?