Kifua cha Gillian

Nzau hasikii. Alipokuwa na miaka kumi aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipozinduka hospitalini aliona midomo ya mama yake ikicheza bila sauti. Sasa ana miaka thelathini na minne, anatengeneza baiskeli Mkongani, kwenye shamba ambalo wazazi wake walilipata walipohamia kutoka Makueni. Gololi iliyovunjika ndani ya gurudumu huijua kwa mtetemo vidoleni mwake. Kusema anasema, ila kwa sauti kubwa kupita kiasi, na wateja wamezoea.

Mwezi wa tano, mvua zimekolea, bintiye Gillian, wa mwaka mmoja na miezi miwili, alishikwa na mafua. Siku tatu alitoka kamasi, akachemka kidogo, akakohoa kikohozi ambacho Nzau alikijua kwa kumbeba tu, mgongo mdogo ukirukaruka begani mwake. Mkewe, Mumbe, alimnyonyesha na kumpa maji ya uvuguvugu. Ndivyo alivyowauguza ndugu wawili wakubwa wa Gillian, na walipona.

Siku ya nne asubuhi Mumbe alimjia uani, uso umekunjuka.

"Kikohozi kimekwisha," midomo yake ilisema. "Amelala."

Nzau aliingia kumwona. Mtoto alilala chali, fulana imepanda. Kila alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, shimo la kutosha kidole. Pua zilitanuka. Na pumzi zenyewe zilifuatana mbiombio, kama za mtu aliyepanda mlima.

"Hajapona!" alisema, na jirani aliyekuwa nje akageuka. "Usisikilize, mama Gillian. Tazama hapa."

Mumbe aliinama. Alitazama, kisha akachukua leso na kitabu cha kliniki.

Kwenye zahanati, muuguzi Rai alimwacha mtoto atulie mapajani kwa mama yake, akamfunua kifua, akahesabu pumzi kwa dakika nzima, jicho moja kwenye saa. Akaandika kwenye karatasi, Nzau asome: 52. Chini yake akaongeza: *Kwa umri wake, arobaini tayari ni nyingi.* Akambana kidole cha mguu kwa kifaa cha kupima oksijeni, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliuliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama ameshikwa na degedege.

"Ananyonya," Mumbe alijibu. "Hayo mengine hapana. Na kikohozi kimeacha."

Rai alimgeukia Nzau ili amwone midomo. "Kikohozi huweza kupungua kwa sababu mtoto amechoka. Hii ni nimonia, lakini mmewahi. Dawa asubuhi na jioni, siku tano, msikatize hata akichangamka. Kesho kutwa nimwone tena. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamke, au akipata degedege, msije kwangu. Nendeni hospitali ya Msambweni moja kwa moja."

Njiani Nzau alimbeba mwanawe. Alikuwa akimkumbuka mama mkwe, ambaye kabla ya harusi alimuuliza, mbele ya watu, "Mtoto akilia utajuaje?" Siku ile aliinamisha kichwa. Wala leo hakuona kwamba amelipata jibu lote. Kuna vilio asivyovisikia, na vitaendelea kuwapo. Lakini alikuwa ameona.

Siku ya tatu ya dawa, shimo la chini ya mbavu lilikuwa limetoweka, na Gillian akaanza kutambaa tena kuelekea kwenye minyororo yenye mafuta.

Habari zilienea. Siku hizi majirani humletea watoto wao, naye huwafunua kifua na kutazama saa yake. Wiki jana Jefwa, mchuuzi wa nazi, alimleta mwanawe. Nzau alihesabu mara mbili, asiwe na hakika.

"Mpeleke kwa Rai," akamwambia. "Mimi si daktari."

Yalikuwa mafua matupu. Jefwa alirudi akimtania kwa safari ya bure, na Nzau akacheka naye, akamwuliza kama mtoto amekula.