Nyekundu Juu ya Nyeusi

Katika karakana ile ya kutia nguo rangi, mapipa yalipangwa kwa heshima, kila moja na daraja lake, kama wazee barazani. La manjano lilikaa karibu na mlango wa mbele, na hata mgeni wa kazi aliruhusiwa kulikoroga. La buluu lilifuata, kisha la kijani. La nyeusi lilikaa kando ya jiko kubwa, likichemka kutwa kucha. La nyekundu lilikuwa peke yake karibu na mlango wa nyuma, wala hapakuwa na mkono uliothubutu kuligusa ila wa Fundi Mkuu. Mlango huo wa nyuma nao ulikuwa na kazi yake: kila nguo iliyotoka pipani ilipelekwa hapo ikatazamwe juani, kwa kuwa Fundi Mkuu hakukubali rangi yoyote isomwe kwa mwanga wa taa.

Pipa la nyeusi lilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Masizi. Alilipokea akiwa bado bibi harusi, akadumu nalo hata wanawe wakaondoka nyumbani na kuanza maisha yao. Watu walimletea suruali zilizopauka magotini na makoti yaliyochujuka mabegani, naye akayarudishia weusi wake, tititi, hata mwenye koti akalivaa kama lililotoka dukani jana. Kucha zake zilikwisha sahau rangi zilizozaliwa nayo. Alikuwa hodari, alijijua kuwa ni hodari, wala hakuona haya kulijua hilo.

Sasa Fundi Mkuu alikuwa akizeeka. Macho yake yalikuwa bado makali, lakini mgongo ulianza kumgomea, akatangaza kwamba karibuni ataiacha kazi. Aliyeshika pipa la nyekundu ndiye aliyewaongoza wote, kwa hiyo kila mmoja alijiuliza mzee atamwachia nani. Mama Masizi alilitaka pipa hilo. Alilitaka kwa miaka mingi, kimyakimya, kama mtu anavyotamani nyumba fulani ya mtaani na kupita mbele yake kila siku bila kumwambia mtu. Kisha zikaja tetesi kwamba mzee anatafuta fundi kutoka karakana nyingine.

Siku moja, wakati wa chai, akajipa moyo na kumwuliza. Mzee alipuliza chai yake kwa muda, halafu akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba nyeusi ni rangi yenye huruma. Humeza madoa, huficha makosa, na ukiizidishia moto hailalamiki. Nyekundu ni kigeugeu. Ukiikosea kidogo tu, inakuaibisha mbele ya watu. Mtu aliyelelewa na nyeusi, alisema, mkono wake umezoea kukosea bila kukamatwa.

"Siku utakayotoa nyekundu juu ya nyeusi, mwanangu," akamalizia kwa mzaha, "njoo uchukue mti wangu wa kukorogea."

Karakana nzima ikacheka, maana hakuna asiyejua kwamba kitambaa cheusi hakipokei nyekundu mpaka kwanza kiondolewe weusi wake kwa dawa. Mama Masizi naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi viatu asiye na maneno mengi, na wifi yake, aliyekuwa na meza ya vipodozi sokoni na maneno ya kuwatosha wote watatu. Jioni hiyo Mama Masizi alipowasimulia yaliyompata, wifi hakumpa pole. Alimtazama kichwani.

"Wewe wifi unazunguka kutafuta nyeusi ya kupaka nyekundu," alisema, "na nyeusi yenyewe unatembea nayo. Paka hina."

Mama Masizi alishika kilemba chake cha kazi. Alikuwa amezitia rangi nguo za mji mzima, lakini nywele zake hazikuwahi kuona kitu zaidi ya mafuta. Zilikuwa nyeusi na nzito, na ndizo peke yake katika mwili wake ambazo kazi haikuwahi kuzigusa. Alilala nalo wazo hilo, akaamka nalo, akaomba apewe pakiti moja.

Wifi alitaka kumwelekeza namna ya kuchanganya. Hapo alikosea.

"Mimi nilikuwa natia watu rangi kabla wewe hujajua kushika wanja," akajibiwa.

Basi Mama Masizi akafanya kama afanyavyo kila siku. Alibandika sufuria, akachemsha maji mpaka yakaruka, akamimina unga wa hina, akaongeza chumvi ya kushikisha rangi, akakoroga kwa madaha ya mtu anayejua. Alipaka, akafunga, akasubiri, akaosha. Alipojifuta na kujitazama, nywele zilikuwa zile zile, ila zilinuka majani yaliyochemshwa. Wifi alicheka mpaka akakaa kizingitini.

"Hongera, wifi yangu. Umetoa nyeusi juu ya nyeusi."

Mumewe aliinuka, akaitoa ile sufuria jikoni, akaiweka juu ya kabati asikofika mtu bila kigoda.

Mama Masizi aliingia chumbani akaketi kitandani. Kicheko cha wifi hakikumuuma; alikwisha kukizoea. Kilichomuuma ni kwamba mzee alisema kweli. Alizidisha moto kwa sababu maisha yake yote moto haukuwahi kumsuta. Mara hii mkono wake umekamatwa.

Ilichukua siku kadhaa kabla hajakiendea kiti kilichokuwa kando ya ile meza ya vipodozi. Aliketi, akasema neno ambalo kwa mwanamke wa aina yake lilikuwa zito kuliko pipa lililojaa:

"Nifundishe."

Wifi hakumtania. Siku yao ya mapumziko waliandaa hina pamoja: maji ya uvuguvugu ambayo kidole kinaweza kukaa ndani, ndimu iliyokamuliwa, bila chumvi. Walifunika bakuli na kuliacha mpaka tone moja likiwekwa kiganjani liache alama ya rangi ya chungwa. Kisha wifi akampaka fungu kwa fungu kutoka mizizi, hina ikiwa baridi kama matope ya asubuhi, akamfunga mfuko wa plastiki na taulo kuukuu. Mama Masizi alishinda hivyo, shingo imenyooka kama aliyebeba mtungi, michirizi ikimteremka nyuma ya masikio. Jua lilikuwa limezama alipoosha. Kwenye kioo cha chumbani aliona weusi.

Asubuhi alifungua nywele uani ili wifi amsaidie kuzichana, huku akiwa amekwisha kata tamaa. Wifi alichana kidogo, akaacha, akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akamfunga kilemba yeye mwenyewe.

"Nenda kazini," alimwambia. "Nenda hivyo hivyo."

Karakanani alisimama mbele ya Fundi Mkuu na kufungua kilemba. Wenzake waliacha mapipa wakasogea. Mzee alipandisha miwani chini ya taa.

"Mimi naona nyeusi, mwanangu."

Mtu mmoja alianza kucheka. Lakini miguu ya Mama Masizi ilikumbuka yale ambayo moyo ulisahau, ikageuka kuelekea mlango wa nyuma.

"Hapa ni penye mwanga wa taa, Mzee," alisema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba rangi husomwa mlangoni."

Wakatoka. Jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta wa ua, likamwangukia kichwani, na kile kicheko kikakatika. Yeye hakuweza kuona chochote. Alisoma kwenye nyuso zao. Ndani ya weusi ule ule palikuwa pamewaka wekundu wa kaa la moto linapopulizwa, na kila alipogeuka uliwaka upande mwingine. Mzee alimwamuru ageuke kushoto, kisha kulia, kama anavyogeuza kitambaa.

"Uliondoa weusi kwanza?"

"Sikuondoa."

"Na moto?"

Angeweza kujibu kwa neno moja na kushinda. Alivuta pumzi.

"Mara ya kwanza niliichemsha, Mzee, nikatia na chumvi. Hakikutoka kitu. Nikaenda kwa wifi yangu, nikaomba kufundishwa."

"Nani aliiona hiyo ya kwanza?"

"Watu wa nyumbani tu."

"Na umeniambia."

"Nimekuambia."

Mzee aliingia ndani taratibu, akarudi na mti wake wa kukorogea, uliokuwa mwekundu mpaka penye mshiko. Alisema kwamba siku ile alitania, na kwamba sasa hatanii. Akampa mbele ya wote.

Mama Masizi aliupokea kwa mikono miwili. Alivuta shungi moja kutoka nyuma ya sikio, akalileta mbele ya macho yake juani, akalitazama kwa muda mrefu, wala hakuna aliyemharakisha. Kilemba akakitia mfukoni. Wenzake walipoanza kumtafutia jina jipya aliwakataza. Masizi ni jina alilolitolea jasho, na angebaki nalo.

Kisha akaliendea pipa la nyekundu, akainama, akauangalia moto wake.

"Mzee," aliita kwa sauti ya kusikiwa na karakana nzima, "huu unatosha?"

Mzee alichungulia.

"Punguza kidogo."

Akapunguza.